Usukani Hauchagui Mkono

Mara kwa mara husikika katika vijiwe vya madereva, katika gereji, na hata katika mikutano ya matawi yetu, neno moja ambalo halifai kuachwa lipite bila kujibiwa. Neno lenyewe ni hili: kwamba kuendesha gari kubwa, kulitengeneza na kulikimbiza ni kazi ya wanaume, na kwamba msichana apewaye usukani amepewa heshima tu, hakupewa kazi. Leo tumekusudia kulijibu neno hilo, wala hatutalijibu kwa maneno matupu. Tutalijibu kwa maisha ya mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo mahali palipo pagumu kuliko pote, yaani katika mbio za magari za ubingwa wa dunia, na ambaye magurudumu ya gari lake yalilikanyaga pia vumbi la Afrika Mashariki.

Mtu huyo ni Michèle Mouton, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1951 katika mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, mji wenye sifa ya kutengeneza manukato. Wazazi wake walikuwa na shamba kubwa la mawaridi na yasmini. Hakuanza kama dereva. Mwaka 1973 alikuwa msoma njia, yule akaaye kando ya dereva na daftari mapajani, akimtajia kona kabla hazijaonekana. Baba yake alipoona kwamba binti yake ameipenda kazi ile kweli kweli, hakumkataza, wala hakumbembeleza. Alimnunulia gari, Alpine-Renault A110, akamgharimia mashindano ya msimu mmoja, akamwekea na sharti: katika muda huo aonyeshe kama anaweza, asipoweza, basi aache.

Twawaomba wasomaji wetu walitazame sharti hilo kwa makini, maana ndani yake mna hekima kubwa. Mzee yule alimpa binti yake vitu vitatu. Kwanza, chombo kizuri kama cha wenzake. Pili, muda wa kutosha kujifunza. Tatu, kipimo kilicho wazi, kisichomwonea wala kumpendelea. Hakumpa sifa asiyoistahili, wala hakumhukumu kabla hajashika usukani. Ni wasichana wangapi kwetu wamepata kupewa vitatu hivyo pamoja? Wengi hupewa hukumu kwanza, na chombo hawakioni kabisa.

Matokeo hayakukawia. Mwaka 1974 binti huyo alikwisha kuwa miongoni mwa madereva wa kutazamwa katika mbio za Ufaransa. Hapo ndipo fitina ilipoanza. Watu walinong'ona kwamba haiwezekani mwanamke akimbie vile, na kwamba bila shaka injini ya gari lake ina ujanja usioruhusiwa. Wakaguzi wakaikagua injini ile, wala hawakuona kosa lolote. Siri iliyokuwamo ilikuwa ni mikono, macho na moyo wa dereva. Mwaka 1975 aliingia katika mbio za saa 24 za Le Mans pamoja na wanawake wenzake wawili, Christine Dacremont na Marianne Hoepfner, wakashinda katika daraja la magari ya injini za lita mbili. Mwaka 1977 alikuwa wa pili katika ubingwa wa rali wa Ulaya.

Kwa mwaka 1981, kampuni ya Audi ya Ujerumani ilimwajiri aendeshe gari lake jipya liitwalo Quattro, lenye injini ya nguvu nyingi na magurudumu manne yote yavutayo. Wapo waliodhani kwamba kampuni imemtafuta kwa ajili ya matangazo ya biashara. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo, katika rali ya Sanremo nchini Italia, njiani kwenye lami na changarawe, Mouton alishinda. Akawa dereva wa kwanza mwanamke kushinda rali ya ubingwa wa dunia. Pembeni yake alikaa Fabrizia Pons, Mwitalia, akimsomea njia. Nasi twataka jina hilo lisisahauliwe, kwa kuwa gari la mbio haliendeshwi na mtu mmoja. Dereva huliamini neno la msoma njia hata kama hajaiona kona. Wote wawili huziamini nati zilizokazwa na fundi usiku wakati wao wamelala. Hiyo ni kazi ya ushirika hasa, na kila mfanyakazi aliyepata kufanya kazi ya zamu aijua maana yake.

Mwaka uliofuata, 1982, ndio uliokata mzizi wa fitina. Mouton alishinda nchini Ureno, akashinda Ugiriki katika njia za mawe zivunjazo ekseli, akashinda na Brazil. Alikuwa akishindana na Walter Röhrl wa Ujerumani, mmoja wa madereva hodari kupita wote wa zama zile. Ubingwa ukawa kati yao wawili. Mwishoni mwa msimu wakakutana katika rali ya Ivory Coast, Afrika Magharibi, na kabla tu ya mashindano kuanza, Mouton aliletewa habari kwamba baba yake amefariki dunia. Ni baba yule yule aliyempa gari la kwanza. Alishika usukani, akaongoza, akawaacha wenzake mbali. Kisha gari likaharibika, muda ukapotea, na katika kuukimbiza muda huo gari likapinduka. Röhrl akawa bingwa wa dunia kwa pointi 109. Mouton akawa wa pili kwa pointi 97. Na pointi zake ndizo zilizosaidia kuipa Audi ubingwa wa watengenezaji wa magari mwaka ule.

Wako watakaosema: basi hakuwa bingwa. Ni kweli, hakuwa. Lakini tazameni alivyokosa. Alikosa kama madereva wakosavyo, kwa chuma kilichovunjika na kwa njia iliyoteleza. Hakukosa kwa sababu ya uanamke wake. Tangu siku hiyo, mtu asemaye kwamba mwanamke hawezi, hana budi kwanza aeleze ni kwa namna gani alibakiza pointi 12 tu kuwa bingwa wa dunia nzima.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu wa nyumbani. Mwaka 1983 Mouton alikuja katika Safari Rally nchini Kenya. Wanaoijua Safari hawahitaji kuelezwa: tope linalofika kwenye milango, vumbi linaloficha jua, mawe, mifugo njiani, na maelfu ya kilomita kwa siku chache. Ari Vatanen alikuwa wa kwanza, Hannu Mikkola wa pili, na Mouton wa tatu. Madereva wanaume wangapi, wenye sifa na majina, waliyaacha magari yao porini mwaka ule! Wala hakuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1962, katika miaka ile ambapo Safari ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Mwingereza Pat Moss alimaliza wa tatu katika gari dogo la Saab. Kwa hiyo neno hili la kwamba barabara zetu ni ngumu mno kwa wanawake, barabara zenyewe zilikwisha kulikanusha zamani.

Baadaye, mwaka 1985, Mouton alipanda mlima wa Pikes Peak huko Marekani kwa dakika 11 na sekunde 25.39, akavunja rekodi ya mlima ule. Mwaka 1986 akawa bingwa wa rali wa Ujerumani. Mwaka huo huo akaacha mashindano ya daima. Kuanzia mwaka 2010 aliongoza tume ya wanawake ya shirikisho la dunia la michezo ya magari, FIA, kwa miaka zaidi ya kumi.

Hapa ndipo tufikapo kwenye jambo lenyewe hasa. Tangu ushindi wake wa Brazil mwaka 1982, hakuna dereva mwingine mwanamke aliyeshinda rali ya ubingwa wa dunia. Zaidi ya miaka arobaini imepita! Je, wanawake wenye uwezo walikwisha? Hasha. Kilichokosekana ni njia. Tusisahau kwamba baba yake Mouton alikuwa mwenye ardhi. Alipotaka kumjaribu binti yake, aliingiza mkono mfukoni. Je, binti wa kuli wa bandarini, au wa mkulima wa ekari mbili, aliyezaliwa na kipaji kile kile, nani atamnunulia gari? Kipaji hakiulizi mlango wa kuzaliwa. Fedha ndiyo iulizayo.

Mambo hayo yameonekana tena katika miaka ya karibuni, katika mbio za aina nyingine, zile za kuzunguka uwanjani. Mwaka 2019 yalianzishwa mashindano ya wanawake yaitwayo W Series, ambamo dereva hakudaiwa fedha ili aingie. Lilikuwa jambo jema. Mwingereza Jamie Chadwick alishinda ubingwa wake katika misimu yote mitatu: 2019, 2021 na 2022. Lakini mwaka 2022 fedha za waandaaji ziliisha, na mashindano yakakatishwa kabla ya msimu kumalizika. Bingwa wa mara tatu hakupata nafasi ya kushindana katika Formula One. Hilo latufundisha kwamba ngazi iliyoegemezwa juu ya hisani ya wafanya biashara huanguka siku ile hisani inapokwisha. Na mtu mmoja aliyepita si mlango. Mlango ni ule ubakiao wazi baada yake.

Twajua kwamba baadhi ya wasomaji watatupinga. Mmoja atasema: mbio za magari ni anasa ya matajiri, sisi tuna haja ya maji na madawati. Twamjibu kwamba ni kweli, wala hatuombi hazina ya umma inunue magari ya mbio. Tunalolisema ni kwamba mkono uliozuiwa kushika usukani wa mashindano ndio huo huo unaozuiwa kushika usukani wa lori, wa basi, wa trekta na wa mtambo wa kutengeneza barabara. Hiyo si anasa. Hiyo ni mishahara, na ni chakula cha watoto.

Mwingine atasema: kazi hiyo ina hatari. Naam, ina hatari. Mwaka 1986 dereva Henri Toivonen na msoma njia wake Sergio Cresto walifariki katika rali ya Corsica, na magari ya daraja lile la nguvu kupita kiasi yakapigwa marufuku. Lakini dawa iliyotumika ilikuwa ni kuirekebisha mitambo na kanuni, si kuwafukuza wanaume wote barabarani. Kwa nini basi hatari ikitajwa kwa mwanamke, dawa iwe ni kumfungia mlango? Hatari ya kazi huondolewa kwa mafunzo, kwa breki nzima na kwa kanuni zifuatwazo, naye kila mfanyakazi anayo haki ya mambo hayo.

Kwa hiyo twatoa shauri letu, na twalitoa kwa wenye uwezo wa kulitenda. Kwenu wenye kampuni za usafirishaji, za umma na za watu binafsi: mchukueni msichana aliyehitimu udereva au ufundi, mpeni gari zima, si lile bovu lililokataliwa na wengine, mpeni mwaka mmoja, na kisha mpimeni kwa daftari la safari, mafuta na matengenezo, kama mnavyompima mwanamume. Akishindwa, aondoke bila matusi. Akiweza, aajiriwe bila hisani.

Kwenu mafundi wa gereji: kijana wa kike ajaye kujifunza asiishie kutumwa chai na kufua matambara yenye mafuta. Mpeni spana mkononi, na mwacheni aifungue giaboksi mkimsimamia. Kwenu viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi: msingoje jambo hili liletwe na wengine. Ulizeni katika kila mahali pa kazi ni wasichana wangapi wanaofundishwa kuendesha mitambo, na kama jibu ni hakuna, ulizeni sababu, wala msiridhike na jibu la kwamba hawapendi. Hawajaulizwa.

Na kwenu mabinti wenyewe: msikubali kusifiwa kwa jambo dogo kwa sababu tu mmelitenda ninyi. Sifa ya namna hiyo ni pingu iliyopakwa rangi. Dereva tuliyemweleza hapa hakushinda Ureno, Ugiriki na Brazil kwa kuhurumiwa. Saa iliyompima Röhrl ndiyo iliyompima na yeye.

Taifa lenye kazi nyingi na barabara ndefu haliwezi kufika mbali ikiwa nusu ya watu wake wameketishwa daima katika kiti cha abiria. Tuwape ufunguo, tuwape muda, kisha tuiache kazi yenyewe iseme.