Kasa hana vijidudu, ana sumu

Leo sina habari za bumu wala za foleni ya kantini. Nataka tubishane kidogo kuhusu tunavyofundisha maradhi maskulini, hasa sisi tunaosomea ualimu.

Mnakumbuka Machi 2024 Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba. Watu walikula nyama ya kasa Jumanne ya tarehe 5. Hadi mwisho wa wiki walishakufa 9, watoto 8 na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 walilazwa. Wala haikuwa mara ya kwanza, Novemba 2021 hapa hapa Pemba walikufa watu 7 kwa kitoweo hicho hicho.

Kilichonikera ni maneno ya baadae. Ooh, hawakumpika akaiva. Ooh, nyama ililala. Jamani! Lakini siwalaumu sana wasemao, ndivyo tulivyofunzwa. Tangu udogoni somo ni lile lile: nawa mikono, chemsha maji, pika vizuri.

Kwa kipindupindu hiyo ni kweli kabisa. Bakteria wake ni kiumbe hai, anaingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na moto unamuua. Akimezwa anakutana na tindikali ya tumboni, wengi wanaishia hapo. Wanaopenya wanazaana kwenye utumbo, na mwili nao unatengeneza kingamwili na kuweka kumbukumbu ya adui. Ndo maana chanjo inafanya kazi. Mwaka 2009 wenzetu wa Mwambe, wilaya hii hii ya Mkoani iliyo na Kisiwa Panza, walikuwa miongoni mwa waliopewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa, pamoja na Chumbuni kule Unguja. Katika maeneo yote yaliyochaguliwa, kama nusu tu ya watu ndo waliomaliza dozi mbili. Ulipokuja mripuko, kinga kwa waliomaliza ikapimwa ikawa asilimia 79. Na hata wasiokunywa walisalimika zaidi pale majirani wao wengi walipokunywa, maana ugonjwa ulikosa pa kupita. Mi hilo nalipenda mno, jirani anakukinga bila mwenyewe kujua.

Sasa kasa hayumo kabisa kwenye hadithi hiyo. Sumu yake si kiumbe, huwezi kuiua kwa kuwa haiishi. Chemsha mchana kutwa, kaanga, kausha, ipo pale pale. Inaaminika inatokana na mwani wenye sumu anaoula kasa mwenyewe. Haina harufu wala rangi ya kukutahadharisha. Hakuna chanjo yake, na dawa ya kuizima haijapatikana, daktari anatibu dalili tu. Mtoto anaumia zaidi kwa sababu mwili mdogo unapokea sumu nyingi kwa pande lile lile la nyama. Haiambukizi kwa kumshika mgonjwa, kwa hiyo mbebeni bila hofu mkamvushe baharini haraka. Ila mama aliyekula akimnyonyesha mtoto, sumu inapita kwenye maziwa. Hili moja tu lingesemwa kila mkutano wa shehia!

Najua mtaniambia wazee wamekula kasa miaka yote na hawakufa. Ni kweli, na hapo ndipo penye mtego. Si kila kasa ana sumu. Leo unakula salama, kesho unakula huyo mwengine, na hakuna wa kukuonesha tofauti. Na kasa ni mkubwa, akichinjwa hapikwi nyumba moja, sahani zinakwenda kwa majirani. Ukarimu ule ule tunaousifu ndio unaoipeleka sumu nyumba hadi nyumba, wallahi inauma.

Tena tukisikia kasa asiliwe tunadhani ni habari za sheria na watalii, basi mtu anajificha tu anakula. Mbona bunju hana askari na hakuna anayemtia chunguni ovyo? Kwa sababu kila mtoto wa pwani anajua bunju anaua.

Mi nataka kasa awekwe pale pale alipo bunju, ndani ya somo la maradhi, mara tu baada ya kipindupindu. Mwalimu aulize, kwa nini moto unamuua huyu na ile haiui? Waacheni wabishane kipindi kizima. Nyie wa Biolojia mnaonaje, na wale wa Mkoani, kwenu mlifundishwaje?