Bahari ya mtumba inauzwa Kitengela kwa elfu tisini. Ninunue?

Wiki mbili zimepita tangu nione lile tangazo, na bado nikifunga macho naona yale maji ya buluu. Wacha niseme haya maneno yote mara moja, yanitoke kifuani.

Tangazo lilikuwa fupi. Tangi la samaki wa maji ya chumvi, futi nane kwa mbili kwa mbili, na meza yake ya chuma, pampu, taa, mawe, na samaki watatu waliobaki. Liko Kitengela. Elfu tisini, bei inaongeleka. Kununua vitu hivyo vyote vikiwa vipya ni pesa sijawahi kushika. Na mimi kwa simu nilikuwa na elfu tisini na nne, akiba ya karibu mwaka mzima wa kupiga video za harusi za watu na kutengeneza zangu usiku.

Nilishaona video yenyewe kichwani: "Nimeleta bahari Oltepesi." Mbuzi wanapita nyuma, vumbi la Magadi Road, halafu kamera inaingia ndani na kuna samaki wa Nemo anaogelea. Manze, hiyo inaenda! Niambie ni nani hatabonyeza.

Nikapanda matatu mpaka Kiserian, nikazunguka na ile barabara ya Isinya, nikafika Kitengela saa tano.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja mtaratibu sana. Tangi liko sebuleni kwake, linachukua ukuta mzima. Nikasimama pale nikasahau hata salamu. Samaki wawili wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, na mmoja wa manjano anazunguka mawe kama askari wa zamu. Nikamuuliza swali ambalo kila mtu anayenunua kitu cha mtumba anafaa aulize, lakini wengi tunaona haya: "Mzee, kwa nini unauza?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kijana, nilikuwa na samaki kumi na wanne. Usiku mmoja stima ilipotea, mimi niko safari. Niliporudi nikakuta watatu."

Hapo ndipo safari yangu ya kutaka kununua ilianza kugeuka. Si mara moja, lakini ilianza.

Unajua, watu wengi tunafikiri samaki anahitaji maji tu. Kumbe anahitaji pumzi ndani ya maji. Pampu ndiyo inayogeuza maji ili hewa iingie. Ikizima, maji yanalala, na samaki wanamaliza ile hewa iliyoko. Maji yakiwa ya moto ni mbaya zaidi, kwa sababu maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi. Sasa fikiria Oltepesi mwezi wa pili. Wale samaki wanataka maji ya nyuzi kama 24 hadi 26, mchana na usiku. Mzungu kule Ulaya ananunua mashine ya kupasha tangi lake joto. Mimi ningenunua ya kulipoza, na hiyo inakula stima kama friji. Na stima yetu mnaijua. Hata nyinyi wa Nairobi mnakumbuka tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu nzima ikaingia giza usiku. Kwetu giza kama hilo halitangazwi hata kwa redio.

Nikarudi nyumbani bila kulipa, nikamwambia mzee anipe wiki moja. Nikakaa chini na kalamu.

Futi nane kwa mbili kwa mbili ni kama lita 900. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo hapo ni karibu tani nzima, na bado hujaweka kioo na mawe. Sakafu ya nyumba yetu ni simiti nyembamba juu ya mchanga. Haya, tuseme nimeimwaga upya.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Lita 900 ni zaidi ya kilo 31 za chumvi maalum ya kuchanganya, kujaza mara ya kwanza tu. Na hapa kuna jamaa wangu alinipigia simu akiwa amefurahi: "Si Magadi ni hapo tu chini? Chukua chumvi ya bure!" Hapana, bro. Kinachochimbwa pale Magadi kwa wingi ni magadi kweli, ni soda, si chumvi ya bahari. Ukiwawekea samaki wa Mombasa maji hayo, jioni una supu.

Tena hayo maji ya kuchanganya na chumvi hayawezi kuwa ya kisima chetu hivi hivi. Maji ya visima vya huku yana madini mengi na floridi, ndiyo maana wengi wetu tuna meno ya kahawia. Unahitaji mashine ya kuchuja, na mashine hiyo ikikupa lita moja safi inamwaga kama tatu. Ukibadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki, ni lita 90. Ongeza yanayopotea kwa jua, tuseme lita kumi kwa siku, na hayo lazima urudishe maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu maji hupanda hewani lakini chumvi hubaki. Kwa mwezi inafika kama lita 690 za maji safi. Mara nne, kwa sababu ya ile mashine: 2,760. Gawanya kwa mtungi wa lita ishirini.

Mitungi 138 kila mwezi. Kwa samaki watatu.

Nikamwonyesha yeyo ile karatasi. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Hao samaki watakunywa maji ya kununua, na mbuzi wakunywe nini?"

Ikiwa hujakaa Kajiado hutaelewa uzito wa hilo swali. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Tuliona ng'ombe wamelala kando ya barabara na hakuna aliyewagusa. Tulibaki na ng'ombe wawili. Mimi chuo niliacha wakati huo huo, mwaka wa pili, kwa sababu karo yangu ilikuwa inatembea kwa miguu minne na ikafa. Kwa hivyo lita 2,760 kwangu zina sura na majina.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba maji peke yake ndiyo yalinizuia. Maji yanaweza kutafutiwa njia. Yale yanayomwagwa na mashine unaweza kufulia. Kuna kitu kingine, na hiki ndicho nilitaka kuandika hasa.

Tangu niache chuo, kuna sentensi inanifuata kila harusi na kila mazishi: "Huyu ni wa kuanza vitu na kuacha." Nilikuwa na chaneli ya mapishi, nikaacha. Kuku, nikaacha. Na mimi huwa najibu kwamba kuacha si dhambi. Bado naamini hivyo. Unajaribu, haiendi, unageuza gari. Chuo kilibaki pale pale bila mimi, hakuna aliyekufa.

Sasa tangi la chumvi haliachiki. Ukichoka wiki moja, kinyesi cha samaki kinakuwa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza iwe kitu cha afadhali, lakini kuwalea tu mwanzoni kunachukua wiki nne mpaka sita kabla hujaweka samaki. Na wale bakteria nao wanahitaji hewa. Ukisafiri, lazima kuwe na mtu. Ukifilisika, lazima kuwe na mtu. Nikajiuliza kwa ukweli: video ya kwanza itaenda, ya pili itaenda. Ya ishirini je, watu wakishazoea? Nani ataamka saa nane usiku kuwasha jenereta kwa ajili ya samaki ambaye hana views tena?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi kidonda changu ningekiweka ndani ya kioo na taa juu.

Na hao samaki hawatoki kiwandani. Nemo ni mmoja wa wale wanaozalishwa kwenye matangi kwa wingi, lakini samaki wengi wa maji ya chumvi wanaopambwa majumbani hushikwa baharini kwa nyavu, wakiwemo wa pwani yetu hapa Kenya ambao hupandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani. Kuna watu wanalipa karo kwa kazi hiyo, siwezi kuwatukana. Lakini samaki aliyetolewa mwambani aje afie Oltepesi kwa sababu token iliisha? Hapana. Mwaka wa 1998 joto la bahari lilipanda kidogo tu, matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Ikiwa bahari nzima haikuhimili, lita 900 zangu chini ya mabati zitahimili?

Nilimpigia mzee nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Alisema mimi ni mtu wa nne kuja na wa kwanza kupiga simu kusema hapana.

Kama wewe unaishi mahali maji na stima havikusumbui na bado unataka tangi la mtumba, sikukatazi. Lakini ulijaze maji ya kawaida nje kwa siku kadhaa, mahali palipo sawa, uone kama linavuja. Kagua gundi ya kwenye pembe, ikibanduka kwa kucha achana nalo. Uliza kama waliwahi kutia dawa yenye shaba, kwa sababu mawe huinyonya, na baadaye inaua kamba na konokono wako. Na uliza kwa nini anauza. Akikwepa, jibu ni hilo.

Mimi elfu tisini bado ninayo. Nusu inaenda kwa gata na tangi la plastiki la kuvuna mvua, yeyo ameshachagua rangi. Na Jumamosi nashuka Magadi na kamera. Kule kwenye chemchemi za moto kando ya ziwa kuna tilapia wadogo wanaoishi kwenye maji yanayokaribia nyuzi 40, makali ya soda, maji ambayo yangeua samaki wengine wote. Ile amonia iliyonitisha, wao hawaitoi kama samaki wengine. Wanatoa yurea, kama sisi watu. Wako hapo tu chini, na mimi nilikuwa naenda Kitengela kununua bahari.

Lakini nitakuwa muwazi: bado nalitaka lile tangi. Kama ungekuwa mimi, ungelipa? Na usiseme "inategemea."