Leakey na Taya la Kanam

Makala moja inamsifu Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, kwa kukubali kubadili mawazo: mwaka 1959 alimtukuza Zinjanthropus kama babu wa binadamu, 1964 akamweka kando kwa ajili ya Homo habilis. Naam, alimwacha babu mmoja akiwa tayari amemshika mwingine. Hapo alipoteza nini?

Tumpimie Kanam, kwenye Ghuba ya Winam nchini Kenya. Mwaka 1932 Juma Gitau aliokota taya, Leakey akalitangaza kuwa la mtu wa kale kabisa. Mjiolojia Percy Boswell alipokuja kukagua, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali penyewe. Picha ya ushahidi? Ya kwingine. Vigingi vya chuma vya kuonyesha mahali? Eti wenyeji waliving'oa. Kosa la wenyeji, bila shaka! Boswell alimwanika katika jarida la Nature, 1935. Leakey akaendelea kulitetea taya lake miaka mingi.