Uliza ofseti kwanza, inchi baadaye

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee rimu. Ndiyo, rimu za pikapu! Naona ugonjwa umeingia mjini na hakuna anayeitaja dawa.

Kijana ananunua Hilux, wiki haijaisha anaanza kulalamika kwamba rimu ilizokuja nazo "zimezama" na gari linaonekana kama limevaa viatu vya mdogo wake. Anakwenda kwenye duka la matairi na swali lake ni moja tu: mna inchi 20? Muuzaji hana hiyana, anataja bei, anataja rangi, anapokea hela. Nimesimama kwenye maduka ya namna hiyo mara kadhaa nikisikiliza (umbea ndiyo kazi yangu) na bado sijamsikia mteja akiuliza ofseti. Kwa maoni yangu hilo ndilo lilipaswa kuwa swali la kwanza.

Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso wa rimu unaoegemea kwenye habu. Uso huo ukiwa upande wa nje wa mstari, ofseti ni chanya na tairi linaingia ndani ya madigadi. Ukiwa upande wa ndani, ofseti ni hasi na tairi linachomoza nje. Namba yenyewe kwa kawaida imeandikwa nyuma ya rimu, mara nyingi baada ya herufi ET. Igeuze uisome, haing'ati.

Chukua Hilux ya kizazi kilichoanza 2015, ile ambayo wengi wanaiita Revo. Rimu yake ya aluminiamu ya inchi 17 ina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya +30. Sasa mtu anauziwa rimu yenye upana wa inchi 9 na ofseti 0, kwa sababu tu inapendeza dukani. Tupige hesabu. Katikati ya rimu imesogea nje milimita 30. Upana nao umeongezeka inchi moja na nusu, kama milimita 38, na nusu yake, milimita 19, imekwenda nje. Jumla 49. Karibu sentimita tano kila upande, jamani! Ukikata kona mpaka mwisho, tairi la mbele linaweza kuanza kutafuna madigadi. Matope yanaruka mpaka kwenye vioo vya milango. Kila shimo unaloingia linanyang'anya usukani mkononi mwako, na beringi zinabeba mzigo ulio mbali zaidi kuliko zilivyopangiwa. Aliyewahi kunyoosha mkono pembeni akiwa ameshika ndoo ya maji anaelewa bila kufundishwa fizikia.

Na wale wanaodhani kubakiza +30 kunatosha, wasubiri kidogo. Rimu hiyo hiyo ya inchi 9 yenye ofseti +30 inasukuma ukingo wa ndani milimita 19 kuelekea kwenye shokapu na mikono ya sasipensheni. Upana na ofseti husomwa pamoja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Spesa nazo ni ofseti kwa jina lingine: ukiweka spesa ya milimita 30 kwenye rimu ya +30, umejitengenezea ofseti 0, pamoja na seti ya pili ya nati za kuwa na wasiwasi nazo.

Halafu kuna ule msemo wa mafundi wetu, "tundu sita ni tundu sita". Si kweli. Hilux na Ford Ranger ya kizazi cha 2011 zote zina boliti sita kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo mtu anaona zinaingiliana. Lakini Ranger hiyo imetengenezewa ofseti ya +55, na tundu la katikati la rimu yake ni milimita 93.1, wakati la Hilux ni 106.1. Rimu ya Ranger haipiti kwenye habu ya Hilux. Rimu ya Hilux inaingia kwenye Ranger, ila inakaa nje milimita 25 zaidi na katikati inapwaya. Inaingia, ndiyo. Hata suruali ya baba yako inakuingia.

Nati pia ziangaliwe. Rimu za aluminiamu za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, wakati rimu nyingi za dukani zinataka nati zenye ncha ya koni. Ukikazia nati zisizolingana na rimu, unasafiri na magurudumu yaliyoshikwa nusunusu.

Tuje kwenye inchi. Tairi la 265/65R17 lina kimo cha milimita 776 hivi. La 265/50R20 lina 773. Gari halijapanda hata kidogo! Kilichobadilika ni ubavu wa tairi, kutoka milimita 172 mpaka 132. Yaani umelipa hela nyingi kupunguza mpira ulio kati ya rimu na shimo la barabarani. Kwa barabara zetu, zenye matuta yasiyo na alama na mashimo yanayojaa maji yakajifanya vidimbwi, huo mpira ndio nisingeuuza. Angalia pia namba ya uzito ubavuni: 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, na 107 ni kilo 975.

Ukitaka kimo kweli, unaongeza tairi. Lakini 285/70R17 ni kubwa kuliko la kiwandani kwa asilimia 7 hivi. Kwa hesabu tupu, sipidometa ikisoma 50 wewe uko 53 na ushee. Kamweleze askari mwenye tochi.

Najua jibu: gari langu, hela yangu. Sawa kabisa, kama linaishia kuzunguka Mikocheni jioni. Lakini pikapu kwetu ni ya ukoo. Jumamosi inabeba saruji, mwezi wa saba inakwenda shamba kufuata mahindi, na ukitokea msiba unajua mwenyewe watu wangapi watakaa kule nyuma. Hao hawakuchagua rimu.

Mimi kwa Hilux inayofanya kazi ningechukua inchi 17, upana wa inchi 8, ofseti +20. Ukingo wa nje unatoka milimita 16, gari linasimama vizuri machoni, na ndani unabaki na nafasi. Juu ya hapo ningeangalia kama rimu imeandikwa uwezo wake wa kubeba, na isipungue nusu ya uzito unaoruhusiwa kwenye ekseli ya nyuma. Muuzaji akikwambia rimu zote ni sawa, mshukuru kwa muda wake, uende duka la pili.