Mtoto naye ahesabiwe melini

Malipo ya kahawa yakitoka, wapo wazazi wa Kigonsera wanaopanga kuteremka na watoto hadi Mbamba Bay, wapande meli na kuiona milima ya Livingstone ikiingia ziwani. Ni mpango mzuri. Mtoto wa mkulima naye anastahili kuijua nchi yake.

Tatizo ni hesabu. Mfanyabiashara huhesabu magunia yake ya mahindi moja moja, lakini mtoto anayepakatwa hupita bila kuandikwa jina. MV Mbeya II, iliyoanza kazi Ziwa Nyasa mwaka 2021, ilijengwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Kiwango hicho hakina maana iwapo watoto hawahesabiwi. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimejaza kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha.

Mzazi anayelipa nauli ana haki ya kudai mambo mawili kabla ya meli kung'oa nanga: jina la mtoto liandikwe, na apewe boya la kuvaa linalomtosha. Boya la mtu mzima humchomoka mtoto akiwa majini.

Aidha, kati ya Mei na Agosti, ndio msimu wenyewe wa kahawa, upepo wa kusini huchafua ziwa. Safari ikiahirishwa, mzazi asikimbilie mtumbwi. Kulala Mbamba Bay usiku mmoja zaidi ni gharama, lakini inalipika.