Vumbi la Mbao na Haki ya Jirani



Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba, kando ya kusomesha, tuna kibanda kidogo cha useremala uani mwetu. Humo huchonga marufaa ya chuoni, viti vya watoto na vijirafu vya vitabu. Ni kazi tuliyoipenda tangu ujana, na hatukuidhania ubaya wowote, mpaka alasiri moja jirani yetu, mama wa watoto watatu, alipopiga hodi.

“Maalim, nisamehe,” alisema. “Mwanangu ana pumu. Siku ukipiga msasa, usiku wake hatulali.”

Tulimjibu haraka kuliko ilivyotupasa. Tulimwambia kwamba twafagia kila siku, tukamwonyesha na gunia la maranda lililojaa pomoni mlangoni. Akalitazama, kisha akasema kwa upole, “Hayo ya guniani hayatupati, Maalim. Yatupatayo ni yale yasiyoingia guniani.”

Hatukuwa na jawabu. Alisema kweli, na kweli yake ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya, kwa kuwa majumba mengi ya pwani yetu yamebanana ukuta kwa ukuta, na mafundi wafanyao kazi nyumbani ni wengi.

Kitokacho kwenye ubao ni vitu viwili. Cha kwanza ni maranda na vibanzi, vya randa na vya patasi. Ni vizito, huanguka miguuni, na jicho huviona. Cha pili ni vumbi, hasa la msasa na la msumeno wa umeme. Chembe zake nyingine hazifikii hata sehemu moja ya mia ya milimita, nazo ni nyembamba mara kadhaa kuliko unywele. Huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, na mtu akizivuta huweza kushuka hadi ndani ya mapafu.

Hata mbao tunazozienzi zina ukali wake. Vumbi la mvule linajulikana kuwasha ngozi na macho na kuamsha pumu, na la msaji huwawasha baadhi ya watu. Mwaka 1995, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ililitia vumbi la mbao katika orodha ya vitu vyenye kusababisha saratani kwa binadamu, hususan saratani ya ndani ya pua. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye kulivuta vumbi miaka mingi. Lakini mtoto mwenye pumu hangoji miaka. Usiku mmoja wamtosha.

Dini yetu imetuwekea msingi usiohitaji maelezo marefu: tusidhuru wala tusidhuriane. Ubao ni wetu, lakini hewa si yetu peke yetu. Basi tuangalie la kufanya.

Kwanza, vumbi lishikwe pale linapozaliwa, kabla halijawa la watu wote. Mashine nyingi za msasa na misumeno mingi ya umeme ina tundu la kutolea vumbi. Kifuko kidogo kinachofungwa hapo hushika unga mnene kikaachia ulio laini. Bora tundu hilo liunganishwe kwa mpira na mashine ya kuvuta vumbi yenye chujio la kuzuia vumbi laini. Mpira uwe mfupi, mpana na usiopindapinda, kwani kila kona hupunguza nguvu ya kuvuta.

Pili, liwekwe pipa katikati. Maranda yakiingia moja kwa moja mashineni huziba chujio, na mashine iliyoziba hunguruma tu bila kuvuta. Litwaliwe pipa gumu lenye mfuniko wa kubana, litobolewe matundu mawili mfunikoni. Tundu la pembeni lipokee mpira utokao kwenye msumeno, na mdomo wake uelekezwe ubavuni mwa pipa ili hewa izunguke. Tundu la katikati liende kwenye mashine ya kuvuta. Hewa ikizunguka, vizito huanguka chini, na chujio hubakiwa na kidogo. Lakini mfuniko ukivujisha hewa, kazi yote ni bure.

Tatu, upepo utazamwe. Asiye na mashine na apige msasa kwa mkono, nje, upepo ukimpitia ubavuni, wala usielekee dirishani kwa mtu. Wakati wa kusi upepo hutoka upande mmoja, wakati wa kaskazi hugeuka. Benchi lisilomdhuru mtu mwezi wa Julai laweza kumdhuru mwezi wa Januari.

Nne ni kufagia, na hapa twaona haya mbele ya mama zetu na dada zetu, kwa sababu aghalabu mwenye kuchana mbao ni mwanamume na mwenye kufagia ni mwingine. Ufagio mkavu hulirusha tena vumbi lililokwisha kutua. Sakafu inyunyizwe maji kidogo kwanza, na meza zifutwe kwa kitambaa kibichi. Nguo za kazi zivuliwe kibandani, zisikung’utwe ndani wala zisifuliwe pamoja na za watoto. Na aliyechana ndiye afagie.

Leso iliyofungwa mdomoni haizuii chembe laini. Inayofaa ni barakoa ya N95 iliyobana uso. Nasi wenye ndevu tukiri kwamba barakoa haibani sawasawa juu ya ndevu, hivyo yatulazimu zaidi kulishika vumbi mapema.

Tano, maranda ya mbao tupu yafaa kutandikwa bandani mwa kuku. Ya mbao za kugandishwa kwa gundi, au zilizopakwa rangi au dawa, yasiende bandani wala yasichomwe jikoni. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visiachwe vimekunjwa juu ya maranda, kwani vyaweza kushika moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke.

Sisi tumelinunua pipa na kulihamisha benchi. Hatupigi msasa baada ya magharibi, na wanafunzi wadogo waliokuwa wakitusaidia kusugua marufaa tumewaondolea kazi hiyo. Linalotuuma ni hili: tulikuwa tukichonga kitu cha kuwekea Msahafu, na huku nyuma ya ukuta kifua cha mtoto kinabanwa. Tulizihesabu thawabu zetu, dhiki yake hatukuihesabu.

Jirani yetu atuambia kwamba siku hizi mtoto hulala vizuri zaidi, ingawa yako masiku ambayo kifua humrudia, na dawa za daktari hawajaziacha. Tumemwomba kwamba vumbi likimfikia tena, asije akatanguliza kuomba msamaha. Wenye kuomba msamaha ni sisi.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, azibariki kazi za mikono yetu, na atujaalie majirani wetu wasalimike nasi. Wabillahi tawfiq.