Mnyonge Asiikopeshe Serikali

Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako ardhi na mvua zingeleta faida ya haraka. Turkana, Marsabit na Mandera zikaachwa zingoje. Katiba ya 2010 ilikuja kulisahihisha kosa hilo: Kifungu cha 227 kiliruhusu waliobaguliwa wapendelewe katika ununuzi wa umma, na sheria ya 2015 ikatenga angalau asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake, wenye ulemavu na makundi mengine yaliyonyimwa nafasi.

Twashukuru. Lakini hebu tumfikirie mama wa Lodwar aliyeshinda zabuni ya kupeleka maharagwe katika hospitali ya umma. Amekopa, amenunua, amekodi lori, amepeleka, na stakabadhi zikatiwa sahihi. Kisha aambiwa fedha hazijafika kutoka Nairobi. Miezi yapita, riba haingoji. Tajiri wa mjini hustahimili, naye ndiye atakayebaki kuomba zabuni ijayo, pengine kwa kampuni iliyoandikishwa kwa kitambulisho cha shangazi yake. Hivyo serikali iliyoahidi kumwinua mnyonge yamgeuza mkopeshaji wake, tena bila faida.

Hatuombi sadaka. Twadai kila kaunti na kila wizara ibandike hadharani orodha ya madeni yake, na wadai wa fungu hilo la asilimia 30 walipwe mbele ya makampuni makubwa. Wawakilishi wa wadi waulizwe jambo hili katika kila baraza.